Adriano Atiman

Adriano Atiman (Tindirma, katika nchi ya leo ya Mali, 1866 hivi – Karema, Tanganyika, 24 Aprili 1956) alikuwa daktari na katekista wa Kanisa Katoliki. Kwa miaka 67 aliishi na kufanya kazi Karema, kijiji kilichoko mwambao wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, Tanzania.

Alitekwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa tiba katika kisiwa cha Malta, kisha akapelekwa Karema na kubaki huko hadi kifo chake. Kwa kawaida hutajwa kama mtumwa aliyekuja kuwa daktari, na hiyo ni kweli. Lakini habari yake haieleweki vizuri bila kuangalia upande wa pili: njia iliyomfikisha kwenye udaktari ilifunguliwa kwa wavulana tu. Wasichana waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara walewale waliandaliwa kuwa wake. Ndoa ya Atiman mwenyewe ilikuwa sehemu ya mpango huo.

Utoto na utekwa

Atiman alizaliwa Tindirma, kijiji kilicho kando ya mto Niger, upande wa kusini-magharibi wa mji wa Timbuktu. Akiwa bado mtoto alinyakuliwa na Watuareg waliofanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Metlili, kwenye oasisi za kusini mwa Algeria. Huko alinunuliwa na wamisionari wa shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu mkuu wa Algiers. Shirika hilo ndilo Wamisionari wa Afrika, ambao kwa sababu ya kanzu zao waliitwa Mapadri Weupe. Hakuwaona wazazi wake tena.

Neno kukombolewa linahitaji maelezo. Mtoto aliyenunuliwa na misheni hakurudishwa kwao, kwa kuwa njia ya kurudi ilikuwa ileile ya wateka nyara. Alibaki chini ya ulezi wa wamisionari, nao ndio walioamua angesoma nini, angeishi wapi, na mara nyingi angemwoa au angeolewa na nani. Alikuwa huru kwa maana ya kwamba hakuweza kuuzwa tena. Mambo mengine yote yalikuwa mikononi mwa walezi, na jambo la kwanza walilotazama ni kama mtoto ni wa kiume au wa kike.

Elimu Algeria na Malta

Lavigerie alikuwa na uzoefu wa kulea watoto wengi kwa pamoja. Baada ya njaa kubwa iliyoikumba Algeria miaka ya 1867 na 1868 alikusanya mamia ya yatima. Wavulana walilelewa na mapadri na mabruda, wakafundishwa kilimo na ufundi. Wasichana walilelewa na masista wa shirika aliloanzisha mwaka 1869, wakafundishwa kazi za nyumbani na za shambani. Walipokua walioana wao kwa wao, kila jozi ikapewa nyumba na shamba katika vijiji vya Kikristo, cha kwanza kikiwa Saint-Cyprien des Attafs kilichoanza mwaka 1873. Mpango huo ndio uliopelekwa baadaye kwenye Ziwa Tanganyika.

Kwa vijana waliotoka kusini mwa Sahara Lavigerie alikuwa na wazo la ziada. Wamisionari wa Ulaya walikufa haraka katika Afrika ya kati kwa sababu ya malaria na magonjwa mengine, na yeye aliamini kwamba tiba hufungua milango ambayo mahubiri peke yake hayafungui. Hivyo mwaka 1881 alifungua Malta chuo cha vijana Waafrika ili baadhi yao wasomee utabibu katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho, kisha waende Afrika kama madaktari-makatekista. Malta ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na Afrika, hali ya hewa yake si ya baridi kali, na lugha yake ina undugu na Kiarabu.

Atiman, aliyebatizwa kwa jina la Adrien (Adriano kwa Kiswahili), alikuwa mmoja wa vijana hao. Alijifunza Kifaransa, sayansi na tiba, akamaliza mwaka 1888.

Katika mpango wa Malta hapakuwa na msichana hata mmoja. Hilo halikuwa jambo la ajabu wakati ule, kwani hata Ulaya milango ya shule za tiba ilikuwa inaanza tu kufunguliwa kwa wanawake, tena kwa shida. Ila kwa watoto waliokombolewa tofauti hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Mvulana mwenye akili aliweza kutoka kwenye soko la watumwa na kufika chuo kikuu. Msichana mwenye akili ileile hakuwa na ngazi kama hiyo ya kupanda. Katika Afrika ya Mashariki Chuo cha Makerere kilianza kupokea wanafunzi wa kike mwaka 1945 tu, na Josephine Nambooze wa Uganda, anayetajwa kuwa daktari wa kwanza wa kike katika eneo lote, alihitimu mwaka 1959. Hiyo ni miaka 71 baada ya Atiman kutoka Malta, na miaka mitatu baada ya kifo chake.

Safari hadi Karema

Mwaka 1888 Lavigerie, wakati huo kardinali, alianza kampeni kubwa ya kupinga biashara ya watumwa katika miji mikuu ya Ulaya. Mwaka uleule Atiman alianza safari ya kwenda Afrika ya Mashariki, akapita Zanzibar, na kuingia bara pamoja na msafara wa wamisionari kwa njia ya zamani ya biashara iliyopitia Tabora. Kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita 1,000, na zote zilitembewa kwa miguu pamoja na wapagazi. Alifika Karema mwanzoni mwa mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 23 hivi.

Karema haikuwa misheni tangu mwanzo. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoongozwa na mfalme Leopold II, walijenga hapo boma lenye kuta nene juu ya kilima karibu na ziwa. (Katika mwaka huohuo walijaribu kutumia tembo wanne kutoka India kubeba mizigo kutoka pwani. Jaribio lilishindikana, na viongozi wake wawili, Carter na Cadenhead, waliuawa mwaka 1880 huko Mpimbwe, wakiwa njiani kurudi pwani.) Mwaka 1885 boma lilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, ambao waliligeuza kuwa kituo cha misheni.

Eneo lilikuwa na Wabende, Wafipa, Wapimbwe, Wakonongo na Watabwa waliovuka kutoka ng'ambo ya ziwa, pamoja na watu wengi waliokimbia vita na waliokombolewa ambao kabila lao lilijulikana nusunusu. Misafara ya watumwa kutoka nchi ya leo ya Kongo ilikuwa bado inavuka ziwa kwenda Ujiji na Tabora.

Wavulana na wasichana wa misheni

Watu waliokombolewa Karema walikuwa hasa watoto na wanawake vijana. Biashara ya watumwa ya bara ilikuwa na sura hiyo: wanaume wengi walikufa vitani au walipelekwa pwani, na wanawake walibakizwa bara kama wafanyakazi wa mashamba, wajakazi na masuria. Mwanamke alikuwa mali iliyozaa.

Mtu aliyepoteza ukoo alipata hasara, lakini hasara ya mwanamke haikuwa sawa na ya mwanamume. Katika jamii za eneo hilo mahari, ambayo miongoni mwake yalikuwamo majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi, ilikuwa zaidi ya malipo. Ilionyesha kwamba mke ana watu wake. Akipigwa au kunyimwa chakula aliweza kurudi kwa baba au kaka, na mume alilazimika kumfuata na kujieleza mbele ya wakwe. Mwanamke aliyetoka utumwani hakuwa na kwa kurudi. Ndoa yake ilikosa mlango wa nyuma.

Katika kijiji cha Kikristo misheni ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kusimama badala ya ukoo. Mapadri walikubali au kukataa posa, walifungisha ndoa, walitoa nyumba na shamba, na walisuluhisha ugomvi. Kwa wanawake wengine hiyo ilikuwa salama kubwa kuliko yote waliyowahi kuipata: mume mmoja, bila kuuzwa tena, na mtu wa kumlalamikia. Lakini pia ndoa ya Kikatoliki haikuvunjwa, na mlezi aliyeombwa kuhukumu alikuwa ndiye aliyeipanga.

Mafunzo nayo yaligawanyika. Wavulana walifundishwa kusoma, kuandika, useremala, uashi na ukatekista. Wasichana walifundishwa dini, kulima, kupika, kufua na baadaye kushona. Masista Weupe walifika Afrika ya Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na katika miaka hiyo ya 1890 wakaanza kazi Karema. Kabla yao malezi ya wasichana yalisimamiwa na mapadri kwa msaada wa wanawake wa kijijini, ambao majina yao hayakutunzwa kama yalivyotunzwa ya makatekista wa kiume.

Ndoa na Agnes Wansabira

Lavigerie alitaka madaktari wake waoe. Mapadri walitakiwa kuishi useja, lakini daktari-katekista alitakiwa kuishi kama Waafrika wengine, kula chakula chao, kuvaa bila anasa za Ulaya, na kuwa na mke na nyumba. Kwa maoni yake mtu mzima asiye na mke hakuweza kuheshimiwa katika jamii za Afrika, na mwanamume aliyeoa katika familia kubwa ya mahali angepata ukoo wa kumlinda na sikio la machifu. Kwa maneno mengine, ndoa ilihesabiwa kuwa chombo cha kazi, kama sanduku la dawa.

Muda mfupi baada ya kufika, Atiman alimwoa Agnes Wansabira, binti wa chifu wa Wabende. Uamuzi huo unaweza kutazamwa kwa pande tatu.

Kwa misheni ulikuwa na manufaa ya wazi. Karema ilizungukwa na Wabende, na mkwe wa chifu hakuwa tena mgeni mtupu.

Kwa Atiman ulikuwa njia ya kupata watu. Alikuwa mzaliwa wa nchi ya mbali kabisa, hakujua mwanzoni lugha yoyote ya hapo, na hakuwa na baba, mjomba wala shangazi wa kumtuma kuwa mshenga. Wamisionari ndio waliosimama kama wazazi wake. Kupitia mke alipata shemeji, wakwe na mahali pa kuketi kwenye misiba na sherehe. Kwa desturi ni binti anayeondoka kwao na kuwa mgeni ugenini. Hapa mgeni alikuwa bwana harusi.

Kwa Agnes mambo yalikuwa mengine. Yeye hakuwa mtumwa aliyekombolewa. Alizaliwa huru, katika nyumba ya utawala, katika nchi yake mwenyewe, na aliolewa na mtu ambaye kwa vipimo vya wakati ule alikuwa na alama ya utumwa mgongoni, ingawa alijua kusoma vitabu vya Ulaya na kutibu majeraha. Hadhi yake ya kuzaliwa ilikuwa juu ya ile ya mume, na hadhi ya mume machoni pa misheni ilikuwa juu ya ile yake. Ndoa yenye mizani miwili namna hiyo si rahisi kwa yeyote. Agnes hakuacha maandishi. Yanayojulikana juu yake yamepitia kwa mumewe na kwa mapadri, ambao walimtazama hasa kama mke wa daktari. Ni vema msomaji akumbuke hilo anapokutana na hukumu yoyote juu ya tabia yake.

Jambo linaloweza kusemwa bila kukisia ni hili: mganga aliyetibu bila kudai malipo, aliyeitwa usiku na mchana, na aliyesafiri siku kadhaa kwenda kwa wagonjwa, aliweza kufanya hivyo kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtu aliyelima, aliyepika na aliyepokea wageni. Kazi hiyo haikuwa na cheo wala nishani.

Ndoa ya Atiman haikuwa ya pekee katika misheni za ziwa hilo. Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa mlinzi wa misheni upande wa magharibi wa ziwa, alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke Mwafrika, mwaka 1888. Yeye pia alikuwa mlei aliyekusudia kubaki, na alibaki hadi kifo chake mwaka 1927.

Kazi ya tiba

Atiman alitibu watu wote waliofika kwake, Wakristo na wasio Wakristo. Katika miaka ya kwanza alikutana na majeraha ya risasi na mikuki, kwa kuwa mashambulizi ya rugaruga na wafanyabiashara wa watumwa yalikuwa hayajaisha. Ndui ilikuwa ikipita mara kwa mara. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kwenye mwambao wa ziwa, na serikali ya Kijerumani ikaanzisha kampeni ya kuupiga vita, ikiwa pamoja na kufyeka vichaka na kuhamisha vijiji. Atiman alifanya pia upasuaji, katika mazingira ambayo daktari wa Malta asingeyatambua.

Dawa kutoka Ulaya zilichukua miezi mingi kufika. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 tu, na tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Karema yenyewe haikupata reli kamwe. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Atiman alikuwa daktari pekee aliyesoma katika eneo pana sana.

Sehemu moja ya tiba ilikuwa na mipaka yake. Uzazi katika vijiji vya ziwani ulikuwa kazi ya wakunga wa jadi, wanawake waliorithi ujuzi kwa mama na bibi zao, na mwanamume kuingia katika chumba cha kujifungulia kulihesabiwa kuwa aibu. Hivyo afya ya kina mama, ambayo pengine ndiyo iliyohitaji zaidi mtu aliyesomea tiba, ilikuwa upande ambao mfumo wa Malta haukumwandaa mtu yeyote anayeweza kuufikia kwa urahisi. Masista walipoanza kuhudumia akina mama na watoto wachanga waliingia mahali ambapo daktari wa kiume alipaswa kuingia kwa kubisha hodi mara nyingi.

Mbali na tiba, Atiman aliendelea kuwa katekista, akifundisha dini na kuwaandaa watu kwa ubatizo. Aliona tawala zikipita: Wajerumani, vita vikuu vya kwanza, kisha Waingereza. Utumwa wenyewe, ulioanza historia yake, ulifutwa rasmi Tanganyika kwa sheria ya Kiingereza ya mwaka 1922, alipokuwa amekwisha kutibu watu Karema kwa zaidi ya miaka 30.

Joseph

Joseph, mtoto wa Adriano na Agnes, alisoma seminarini na kupewa daraja ya upadri mwaka 1923. Mapadri wanne wa kwanza wazalendo katika nchi ambayo leo ni Tanzania walikuwa wamepata daraja huko Bukoba mwaka 1917, hivyo Joseph Atiman alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Masomo ya kufikia hapo yalidumu miaka mingi, yakiwa na Kilatini, falsafa na teolojia. Kwa kijana wa Kiafrika wa wakati ule hapakuwa na elimu ndefu kuliko hiyo.

Kwa baba, upadri wa mwana ulikuwa heshima ambayo misheni ilikuwa imeisubiri tangu kuanza. Lakini padri haoi. Adriano alikuwa amekatwa na ukoo wake wa Tindirma akiwa mtoto, na Agnes alitoka katika jamii ambamo binti wa chifu alitarajiwa kuzaa warithi. Joseph hakuwapa wajukuu. Katika familia za eneo hilo wazee ndio walioulizwa kwanza kuhusu ndoa za watoto. Kanisa lilimuuliza kijana mwenyewe, na katika hilo lilikuwa jipya kwa wavulana na baadaye kwa wasichana.

Njia mpya kwa wasichana

Mwaka 1907 Adolphe Lechaptois, askofu aliyeongoza Vikarieti ya Tanganyika tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, alianzisha Karema shirika la masista wazalendo, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Ni kati ya mashirika ya kwanza ya watawa wa kike Waafrika katika Tanzania, na bado lipo, makao yake yakiwa Sumbawanga.

Kwa mara ya kwanza msichana wa Karema aliweza kuendelea na masomo bila ndoa kuwa mwisho wake. Wazazi wengi hawakufurahi. Kama sehemu nyingine za Afrika ya Mashariki, binti asiyeolewa alimaanisha mahari isiyokuja, na mara nyingi kaka aliyetegemea mahari hiyo ili naye aoe. Mwanamume kuwa padri kulikata tawi moja la ukoo. Msichana kuwa sista kulivuruga hesabu za nyumba nzima. Pamoja na hayo wasichana waliingia, na baadaye wakawa walimu na wauguzi. Inafaa kulinganisha: mvulana aliyesoma, kama Atiman, alitakiwa aoe ili afae kwa kazi. Msichana, ili aendelee kusoma, alitakiwa asiolewe.

Swali la shule na ndoa halijafungwa katika eneo hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya na watu wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Katavi asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, lakini mvulana alitakiwa afikishe 18. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali uamuzi huo mwaka 2019. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi katika shule za umma.

Miaka ya mwisho na kifo

Atiman aliendelea kutibu hata alipokuwa mzee sana. Mwaka 1946 habari ya maisha yake, aliyoisimulia mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alitunukiwa nishani kwa huduma yake ya tiba. Alifariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na miaka 90 hivi, na kuzikwa hukohuko.

Kumbukumbu

Mwaka 1964 padri Roger Fouquer alichapisha kitabu cha maisha yake kwa Kifaransa. Hospitali ya Jimbo Katoliki mjini Sumbawanga ina jina la Dkt. Atiman, na Dar es Salaam iko nyumba ya Wamisionari wa Afrika iitwayo Atiman House.

Karema ilikuwa makao ya askofu kwa muda mrefu. Jimbo la Karema lilibadilishwa jina kuwa Jimbo la Sumbawanga mwaka 1969, na mwaka 2000 Jimbo la Mpanda likaanzishwa. Mkoa wa Katavi, wenye makao makuu Mpanda, ulianzishwa mwaka 2012. Boma la Wabelgiji la mwaka 1879, ambalo Atiman alilikuta limeshakuwa misheni, bado linaonekana juu ya kilima. Maji ya ziwa yamerudi nyuma sana tangu wakati wa kujengwa kwake.